Nilimwona Kuanzia Miguuni

Mnaoandika habari za Lamzira, andikeni mliyoyaona.
Mimi Otia, mnong'onezi wa ukumbi wa Kutaisi,
miaka thelathini na mmoja nilikaa ndani ya sanduku
chini ya ubao wa jukwaa, kichwa nje kama kobe,
kitabu mapajani, taa ndogo ya kijani,
vumbi la malkia wote likinishukia puani.
Ninyi mlimjua kwa uso.

Alikuja na viatu vya baba yake, mchimba makaa wa Tkibuli,
vimejazwa magazeti kwenye ncha.
Hakuja kuigiza. Alikuja kupiga pasi
mashati ya wanajeshi wa uongo.
Usiku mmoja mama wa tendo la pili akashikwa na uchungu,
wa kweli, si wa kitabuni,
na Batoni Severian, jasho likimtiririka, akaita gizani:
"Nani anayajua maneno?"
Msichana akaweka pasi chini
(aliunguza kola; ipo mpaka leo)
akasema, "Yote. Hata ya wanaume."

Ana miaka ishirini na miwili, wakampa ajuza aliyekula chumvi.
Sijawahi kuona miguu ikizeeka vile:
kisigino kikiwaza kwanza kabla ya kukanyaga,
vidole vikiushika ubao kama vinaudai deni.
Alipofika sitini wakampa bibi harusi,
na miguu ileile, mishipa imejikunja kama tangawizi,
ikaja mbio, ikasimama juu ya vidole mbele ya sanduku langu.
Watu waliamini.
Hata mimi, niliyeiona mishipa.

Wanasema hakusahau neno kamwe. Waongo.
Alisahau mara tisa. Hesabu ninayo.
Mara saba nilimrushia, akadaka hewani,
asijue hata aliyekaa mstari wa kwanza.
Mara ya nane nilikosea mimi. Nilifunua kurasa mbili pamoja;
badala ya "nimekusamehe" nikampa "funga mlango."
Akanitupia jicho, kufumba na kufumbua,
akamgeukia mume aliyepiga magoti,
akasema, taratibu, "Funga mlango."
Ukumbi ukanyamaza hadi nikasikia nta ikidondoka.
Magazeti yakaandika kwamba amegundua upande wa pili wa msamaha.
Kesho yake aliniletea chupa ya divai na kikaratasi:
Kosea tena.

Nta, ndiyo. Ilikuwa ile miaka isiyo na umeme.
Watu walikuja na makoti yao na mishumaa yao,
wakalipa kwa kuni, mmoja alilipa kwa yai.
Guram, mumewe, alikwenda Ugiriki kutafuta kibarua,
zikarudi barua mbili, kisha hata barua hazikurudi.
Jioni hiyohiyo alivaa soksi tatu akacheza kufa.
Alilala sakafuni, nusu mita kutoka usoni pangu,
maiti, na mvuke ukimtoka puani kwa baridi.
Nikazima taa yangu wasiuone.
Hilo nalo halimo kwenye vitabu vyenu.

Mara ya tisa.
Alisimama katikati, mikono imelegea.
Nikampa neno. Nikampa tena.
La tatu nililipaza, mstari wa tano wakalisikia.
Akainama kama aliyedondosha hereni,
akaninong'oneza mimi, yeye, mimi:
"Otia, nakusikia. Ila sijui neno hilo ni la kufanyia nini."
Nikamshika kiatu, nikakishikilia,
mpaka mwenye pazia akaelewa.

Kwetu mwigizaji hatolewi kwa kilio, hutolewa kwa makofi.
Jeneza likashuka ngazi za ukumbi, likavuka daraja la Rioni,
mvua inanyesha, viganja vya mji mzima vimekuwa vyekundu.
Mtu akaniuliza mbona sipigi.
Nilikuwa nimekishika kitabu,
kidole kwenye mstari,
endapo.